Fildi Mtwara: kituo cha msaada wa kisheria, Chikongola

Mnaosoma sheria au ustawi wa jamii mkitafuta pa kufanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, Mtwara, wengi mnakimbilia halmashauri. Mimi nilipangiwa kituo kidogo cha msaada wa kisheria huku Chikongola, na sijutii.

Kazi ipo. Asubuhi benchi la nje limeshajaa: matunzo ya watoto, ndoa, mirathi ya mashamba ya mikorosho. Kuna bibi alifungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi za korosho za marehemu mumewe, zimekunjwa ndani ya nailoni. "Mjukuu wangu, mashemeji wanasema sina mkorosho hata mmoja." Msimamizi wangu wa fildi hakudakia. Aliniacha nimhoji, kisha tukapitia maelezo niliyoandika mstari kwa mstari, kila neno ananiuliza: hili kasema bibi au umesema wewe? Usimamizi wa namna hii ni adimu. Kwingine utakabidhiwa mashine ya fotokopi basi.

Mipaka nayo unaiona kwa macho. Msaidizi wa kisheria, yaani mwenye mafunzo ya sheria ambaye si wakili, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hamwakilishi mteja mahakamani. Na shauri la talaka kwa kawaida huanzia baraza la usuluhishi. Darasani tulikariri tu.

Ubaya? Nauli hakuna, bodaboda juu yako, na logibuku, daftari la kazi zako za kila siku, haisainiwi mpaka ukumbushe. Anayetaka kesi za watoto waliokinzana na sheria, yaani wanaotuhumiwa kwa makosa, aombe kwa afisa ustawi wa jamii, hapa hazifiki. Barua ya kuomba nafasi peleka mapema, kwa mkono wako mwenyewe.