Pampu ya elfu 25 na mdomo wa maji wa kuzunguka niliojitengenezea

Wakuu, nina tanki la samaki la futi tatu hapa Tabata, lita kama 160, goldfishi sita, na kero yangu ilikuwa moja tu, uchafu unajikusanya kona ya kulia kwasababu pampu inasukuma maji upande mmoja siku nzima. Nikaenda Kariakoo nikachukua pampu ya kuzamisha ya elfu 25, boksi limeandikwa lita 800 kwa saa. Nikaipima. Ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 70, wakati kwa hesabu ya boksi ilitakiwa 45, yani lita 500 na ushee. Ila haina kelele na Luku (mita ya umeme) haishtuki, kwahiyo sijairudisha.

Sasa mdomo wa kutolea maji, nilitaka uzunguke ili yasiende upande mmoja tu. Nikachukua bomba la PVC la nusu inchi na tii yake (kile kiungo chenye umbo la T), nikapiga msasa bomba mpaka tii ikawa inazunguka juu yake kilaini (maji yanayovuja hapo achana nayo, si yanabaki humohumo kwenye tanki), nikaweka mikono miwili mifupi, nikaiziba mwisho, nikatoboa matundu ya milimita 3. Nawasha, haizunguki! Kumbe matundu ya mikono yote nimeyaelekeza ukutani, inabidi mkono huu uteme mbele na mwenzake uteme nyuma, kama ile mashine ya kumwagilia bustani, maji yanaenda huku mkono unasukumwa kule. Nikatoboa upya, tena kwa tamaa nikafikisha matundu 16, presha ikafa kabisa, nikarudi kuziba nane kwa gundi. Hapo ikazunguka kweli, sekunde mbili tatu hivi, halafu tii ikachomoka, mpaka nilipochonga mfereji kwenye bomba nikapitisha skrubu mbili za stenlesi ziishikilie.

Inazunguka polepole maana maji ni mazito, na ndo vizuri, goldfishi hawapendi mkondo wa kuwapiga muda wote. Kona imekuwa safi.

Adui ni maji yetu ya kisima, yana chumvi balaa, wiki ya tatu ukoko ukashika pale kwenye mfereji ikagoma. Naichomoa naloweka kwenye siki nusu saa, nasuuza, inarudi kazini.

Pampu naipa 3 kati ya 5. Vipande vyote vya bomba havikufika elfu 5, na muuza duka aliniuliza mara mbili kama kweli ni vya samaki.