MGB mjini Lubumbashi: kagua bati kwanza, injini baadaye

Kati ya magari ya michezo ya zamani ya Uingereza, MGB ndiyo tunayoweza kumshauri mtu wa Lubumbashi ainunue aiendeshe, siyo aifunike turubai. Ilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000, na vipuri vyake vinapatikana mpaka leo. Tangu 1988 hata bodi nzima mpya huuzwa, iliyopigwa kwa mitambo ya zamani. Nduguye, MGB GT V8, ilitoka 2,591 tu. Ni tamu kweli, lakini kipande chake cha pekee kikivunjika utakingoja sana.

Kilichoua MGB nyingi ni kutu. Gari hili halina chasi iliyotengwa na bodi: uimara wake uko kwenye mabati yaliyo chini ya milango, tabaka la nje, la kati na la ndani. Tope huingia humo, likabaki na unyevu, bati likaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Kwa hiyo muuzaji akikimbilia kufungua boneti, wewe mwombe jeki. Inua upande mmoja, halafu tazama mwanya kati ya mlango na bodi ya nyuma. Mwanya huo ukizidi kuwa mwembamba kwa juu, au mlango ukigoma kufunguka, mgongo umelegea. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba. Isiposhika, hapo pamejazwa masitiki. Na fundi akikuambia atachomelea bati jipya juu ya lililooza, ondoka.

Injini ya 1798 cc ni ya chuma kizito, na fundi mzuri yeyote wa mjini ataimudu. Tafuta yenye beringi kuu tano, zilizoanza mwishoni mwa 1964. Za kwanza zilikuwa na tatu. Esansi ya siku hizi haina risasi, basi kichwa cha injini cha zamani kiwekewe viti vigumu vya valvu za ekzosi. Mwanya wa valvu ni 0.38 mm injini ikiwa baridi.

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta mbili za aina ya SU zilizopangwa pwani hapa zitamwaga esansi kupita kiasi. Injini ikiwa na moto na ikinguruma taratibu, inua pistoni ya kabureta milimita moja kwa kipini chake. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito: kaza nati iliyo chini ya kabureta kuelekea juu, bapa (upande mmoja wa nati) moja moja, sawasawa kwa zote mbili.

Suspensheni ya mbele ina chuchu tatu za grisi kila upande. Kitabu kinasema kila kilomita 5,000 hivi. Kwa vumbi letu, 2,000. Kama rimu ni za spoki, inua gurudumu, mtu akanyage breki, ulitikise mbele na nyuma: likigonga "ko", meno ya habu yamelika, na rimu mpya peke yake haitaponya.