Uzi mzuri, lakini mkono wa kushoto umenitoa machozi

Nimeandika na kufuta mara mbili kwa hasira. Sasa ngoja niseme yote.

Nyumbani tuliamua, si zamani sana, kwamba nguo za baridi hatununui tena, tunafuma wenyewe. Soksi, kofia, sweta. Kwa hiyo nikaagiza madonge saba ya uzi wa sufu ya kondoo, bluu iliyokoza, nimfumie mwanangu sweta.

Uzi wenyewe siusingizii. Nilikata kipande nikakiwasha kiberiti: kikanuka nywele zilizoungua, kikazimika chenyewe, majivu yakasagika vidoleni. Uzi wa plastiki ungeyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Sufu ni sufu kweli, laini, haichomi shingoni.

Nikafuma mgongo, kifua, mkono wa kulia, usiku usiku watoto wakishalala. Donge la sita nikaanzia mkono wa kushoto. Asubuhi nikatoka na vipande vyote nje kuviunganisha, nikahisi miguu imeisha nguvu. Mkono wa kushoto una ukijani! Kwenye taa hauonekani, juani unaonekana hadi ng'ambo ya barabara.

Mfumaji yeyote anajua uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo una namba yake kwenye lebo, mbali na namba ya rangi. Madonge matano yalikuwa na namba moja. Haya mawili lebo imechanika palepale penye namba. Siapi kwamba ni makusudi. Lakini yote mawili, palepale?

Nikampigia muuzaji, kwa adabu kabisa. "Dada, samahani, madonge mawili si ya mkupuo mmoja na mengine."

"Mama, bluu ni bluu. Kama unataka sweta lisilo na kasoro, si ukanunue la dukani?" Akakata simu.

La dukani! Anayeniambia hivyo ndiye anayeuza uzi! Mkono mmoja wa mtoto wa miaka sita ni zaidi ya vitanzi 4,000, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja nimekipitisha kwenye sindano kwa vidole vyangu. Angesema tu "pole, mkupuo ule umeisha," ningemwelewa na ningerudi kwake kesho.

Nilitaka kumpa nyota nne kwa ajili ya uzi. Nikiikumbuka ile simu, moja, na hiyo moja ni ya kondoo. Ila nikiushika tena huu uzi najua sijapata mwingine kama huu, kwa hiyo andikeni tatu, na mkiagiza, dai namba ya mkupuo kabla hujalipa.

Mikono yote miwili nimeifumua. Uzi ulikuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko, nikauloweka maji ya vuguvugu nikautundika unyooke. Naanza upya, mistari miwili kutoka donge hili, miwili kutoka lile, ili rangi zimezane. Mwanangu anapita kila mara kuuliza kama mikono imerudi.