Kitambaa cha blauzi ya mtindo wa 1905: kipi kinunuliwe kwanza

Blauzi ya Kiingereza ya 1901 hadi 1910, yenye kola ndefu ya kusimama, kifua kilichojaa kikamwagika juu ya kiuno na vifungo mgongoni, huharibikia dukani kabla haijafika kwenye cherehani. Inataka kitambaa chembamba, tena kinachoshika mkunjo. Kunja ncha, ibane kwa kucha: alama ikifutika mara moja, kirudishe.

Nafasi ya kwanza: melimeli ya pamba tupu, gramu 70 hadi 90 kwa mita ya mraba. Hupigika pasi vizuri, na marinda yake huanguka bila kufura. Kwa kifua cha sentimita 92, mita 2.5 za upana wa sentimita 115 zinatosha, ila ongeza nusu mita kama kuna vikunjo vingi, yaani mikunjo myembamba iliyoshonwa ibaki mahali pake. Kikunjo cha milimita 3 hula milimita 6 za kitambaa, kwa hiyo 20 hula sentimita 12. Ndiyo maana vikunjo hushonwa kwanza kwenye kipande kizima, kisha paterni ya kifua ikalazwa juu na kukatwa. Ukikata kwanza, kifua kitabana.

Ya pili: kitani chepesi, kisichozidi gramu 120. Kinapendeza, lakini kingo huchanika nyuzi upesi na kola huwa nene. Punguza tabaka za ndani.

Ya tatu: hariri. Inafaa blauzi ya jioni. Huteleza ikikatwa na pini huacha matundu, basi ichomee pini ndani ya posho ya mshono tu, yaani ukingo unaobaki nje ya mstari wa kushona. Si ya kujifunzia.

Ya nne: popilini. Ni ngumu kidogo; kifua husimama kama shati la ofisini.

Ya mwisho: tetroni, kitambaa cha poliesta. Bei yake inavutia, lakini vikunjo hufumuka na jasho halitoki. Muuzaji akisema ni pamba, choma uzi mmoja: pamba huacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu.

Nunua pia mita 2.5 za marekani ya bei nafuu kwa blauzi ya majaribio, sindano namba 70 na uzi mwembamba wa pamba. Sindano nene hutoboa melimeli na kuikunjakunja kwenye mshono. Urefu wa kila hatua ya sindano uwe milimita 2. Lesi iwe ya pamba, nayo ioshwe pamoja na kitambaa kabla ya kukata. Ikirudi baada ya kushonwa, itavuta kifua chote.