Uzoefu wangu na TestDisk: diski ilionekana tupu, kumbe data zote zipo

Kompyuta yangu ina Windows na Linux kwenye diski moja. Nilipotaka kuongeza Linux ya pili, programu ya kusakinisha ilidai diski nzima ni nafasi tupu, ikajitolea kuunda jedwali jipya la patisheni, yaani orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa. Nilikataa. GParted, programu ya kugawa diski, nayo ilionyesha utepe mmoja wa kijivu, yaani nafasi tupu, wakati Windows na Linux ya zamani zilikuwa zinawaka vizuri kabisa.

Ukikutana na hali hii, usifute kitu. GParted hutumia maktaba ya libparted, na libparted ikikuta patisheni mbili zimepandana hulikataa jedwali lote, hata kama kosa ni la sekta chache. Amri ya fdisk -l ndiyo iliyonifumbua macho, maana hutaja sekta ya mwanzo na ya mwisho ya kila patisheni. Diski yangu ni ya MBR, mtindo wa zamani wa jedwali la patisheni. Mtindo huo unaruhusu patisheni kuu 4 tu. Ukitaka zaidi, moja kati ya hizo inakuwa kasha la kubebea patisheni za ndani. Kasha langu lilikuwa limevuka mpaka na kuingia eneo la jirani yake.

TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier, imo tayari ndani ya GParted Live, mfumo unaowashwa kutoka kwenye flashi, kwa hiyo flashi moja inatosha. Uzuri wake ni kwamba haishii kwenye jedwali: inaipekua diski yenyewe na kutafuta mahali kila mfumo wa faili unapoanzia. Kinachonifanya niipende kuliko zote ni herufi P. Ukiibonyeza juu ya patisheni iliyopatikana, unaonyeshwa faili zilizomo, kabla hata baiti moja haijaandikwa. Nilipoona folda zangu kwa majina yake, nilijua mipaka ile ni ya kweli. Kulikuwa pia na mabaki ya patisheni iliyofutwa zamani. Hayo unayawekea alama ya D ili yasirudi. Kasha lenyewe huhitaji kulipimia, TestDisk inalikokotoa upya.

Kabla ya kuchagua Write, agizo la kuandika jedwali jipya kwenye diski, hifadhi jedwali la sasa kwenye flashi kwa amri ya sfdisk -d. Ni faili dogo la maandishi, na linakupa njia ya kurudi nyuma.

Baada ya kuwasha upya, GParted ilisoma kila kitu. GRUB, programu inayowasha mifumo, ndiyo iliyogoma: namba za patisheni za ndani zilikuwa zimebadilika, ikaishia kwenye skrini ya dharura ya grub rescue. TestDisk haitengenezi hilo. Niliwasha Linux kwa flashi nikairudisha GRUB kwa amri ya grub-install. Upungufu mwingine wa TestDisk ni sura yake. Hakuna kipanya, na mgeni anaweza kutishwa na safu za silinda na sekta. Upekuzi wa kina kwenye diski kubwa unachosha kusubiri.

Kwa mashine mpya ya mifumo mingi ningeanza na GPT, mtindo mpya wa jedwali badala ya MBR: kwa kawaida ina nafasi za patisheni 128, na nakala ya jedwali hukaa mwisho wa diski. TestDisk inaisoma pia.

Diski yenye sekta mbovu ni habari nyingine. Hiyo inakiliwe kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, halafu TestDisk ifanye kazi kwenye nakala.