Nokia Lumia 520: simu nzuri iliyokosa watu

Mbukwenyi wadau! Karibuni mezani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Mkisikia bati linagonga huko nyuma msishtuke, ni upepo wa Agosti. Vumbi nalo limenifanya nifute kioo mara tatu kabla sijawasha kamera.

Leo sina simu mpya. Nina hii hapa, ngoja niisogeze muione vizuri. Nokia Lumia 520, ya njano, toleo la mwaka 2013. Ni ya dada yangu. Aliinunua akiwa mwanafunzi pale UDOM, akamaliza nayo chuo, kisha ikalala kwenye droo nyumbani kwa mama miaka na miaka. Wiki iliyopita nikaichukua nikampelekea fundi pale Machinga Complex, betri imekufa kabisa. Fundi akaing'oa mgongo kwa ukucha tu, akasoma namba ya betri: BL-5J. Akasema, "Aa, hii ni ile ile ya Nokia C3." Akachambua kwenye boksi lake, akapata nyingine, akaipachika, simu ikawaka. Wakati ananirudishia akanambia, "Simu hii nzuri kaka, shida yake haina watu."

Haina watu. Neno hilo nimekaa nalo wiki nzima, na ndilo linalonileta mbele yenu. Maana nyuma ya simu hii ipo Microsoft, waliotengeneza mfumo wake wa Windows Phone, kampuni ambayo Windows yake imejaa kwenye kompyuta za dunia nzima. Ilimwaga mabilioni ya dola ili iingie mfukoni mwako, na ikatoka mikono mitupu.

Tuanze na simu yenyewe, niitendee haki. Kioo ni inchi 4, RAM ni MB 512 tu, ndani ina GB 8 na sehemu ya memori kadi. Angalieni ninavyopandisha na kushusha. Mnaona inavyoteleza? Haikwami. Android za wakati ule zenye RAM kama hii ukifungua vitu viwili zilianza kuhema. Hivi viboksi vya rangi ni vigae, na kila kigae kilikuwa kinajigeuza chenyewe kukuonyesha ujumbe mpya au hali ya hewa bila kufungua chochote. Hapa ubavuni kuna kitufe cha kamera: unakibonyeza kwa sekunde moja simu ikiwa imelala, kamera inafunguka. Kamera yenyewe megapikseli 5. Picha ya mama akiwa shambani na mahindi yake kule Kongwa, ambayo mpaka leo iko ukutani sebuleni, ilipigwa na hii.

Halafu kulikuwa na ramani za HERE. Unapakua ramani ya nchi nzima mara moja, ukitoka hapo unatembea bila bando. Mwaka 2013, wakati bando lenyewe la kubana, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa nigeuze. Mbele, hakuna kamera. Nyuma, kamera haina taa. Na bila taa ya kamera, hakuna tochi. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu Nokia hao hao ndio waliotoa Nokia 1100 mwaka 2003, simu yenye tochi kichwani, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Sisi simu ndogo zote tunaziita vitochi kwa sababu ya taa ile! Umeme ukikatika, unatoka choo cha nje usiku, unatafuta ufunguo uliodondoka, unawasha kitochi. Leo jina la simu limetokana na tochi, halafu mwananchi anapanda kwenda simu janja yake ya kwanza, ya bei anayoiweza, anakuta tochi haipo. Na laini ni moja. Hapa kwetu mtu ana laini ya kupokelea pesa, laini ya bando, na laini ya kuongea na watu wa nyumbani. Mwenye simu ya laini moja alibeba na kitochi pembeni. Simu ya Windows yenye laini mbili ilikuja mwaka 2014 na Lumia 630, wakati Tecno ilikuwa imeshauza laini mbili Afrika kwa miaka.

Kwa nini Microsoft walichelewa hivyo? Nadhani mzizi uko kwenye desturi iliyowatajirisha. Kwenye kompyuta wao walitengeneza Windows, kampuni nyingine zikatengeneza mashine, na kila mashine ikiuzwa Microsoft wanapata chao. Wakaja kwenye simu na hesabu ile ile: mtengenezaji alipie mfumo. Lakini Google waliinunua Android mwaka 2005, na mwaka 2007 wakatangaza kuitoa bure, kwa sababu pesa yao wao iko kwenye matangazo. Sasa wewe una kiwanda cha simu. Huyu anakuuzia mfumo, yule anakupa bure na kukuruhusu uubadilishe utakavyo. Utamchukua nani? (Microsoft walipata pesa kwenye Android pia: HTC mwaka 2010 na Samsung mwaka 2011 walikubali kuwalipa kwa ajili ya hataza, yaani haki za uvumbuzi. Lakini hiyo ni pesa ya kukusanya ushuru mlangoni kwa mwenzio. Haikujengei nyumba.)

iPhone ilipotoka mwaka 2007, Steve Ballmer aliyekuwa mkuu wa Microsoft aliicheka hadharani, ghali mno na haina vitufe vya kuandikia. Windows Phone 7 ikaja mwishoni mwa 2010. Ilikuja haina hata kunakili na kubandika maandishi. Haikuweza kutuma faili kwa Bluetooth. Muziki uliuingiza kwa kompyuta, kupitia programu yao ya Zune. Jamani! Mwaka 2011 hapa Dodoma nani alikuwa anahamisha Bongo Fleva kwa kompyuta? Wimbo ulitoka simu hadi simu, mmekaa barazani, mmebananisha simu zisikatike katikati. Simu isiyopokea wimbo kwa Bluetooth ilikuwa kama mgeni asiyejua salamu. Hii 520, yenye Windows Phone 8, Bluetooth yake inatuma na kupokea, lakini hapo miaka miwili ilikuwa imeshapita.

Walipoona watengenezaji hawaji kwa wingi, Februari 2011 wakafunga ndoa na Nokia. Mkuu wa Nokia wakati huo, Stephen Elop, alikuwa ametokea Microsoft. Nokia wakatangaza kuachana na Symbian, mfumo wao wa simu wa zamani, kabla Lumia hata moja haijafika dukani, na mauzo ya Symbian yakaporomoka. Microsoft walikuwa wanawalipa Nokia dola milioni 250 kila robo mwaka kuwaunga mkono.

Na sasa nafika pale ninapoona kosa lenyewe lilipo. Wengi husema Windows Phone ilikufa kwa kukosa programu. Ni kweli kabisa. Google hawakuleta YouTube wala Gmail, na Microsoft walipojitengenezea YouTube yao mwaka 2013, Google wakaifunga. Instagram ilichelewa mpaka mwishoni mwa 2013, Snapchat haikuja kabisa. Machi 2013 Microsoft wakaahidi kuwalipa watengenezaji wa Marekani dola 100 kwa kila programu watakayoingiza, na soko likajaa vitu visivyotumika. Mtengenezaji anasema, siwezi kuja, huna watu. Watu wanasema, hatuji, huna programu.

Lakini wapo waliokuja! Hao ndio ninaowafikiria mimi. Wale wachache walioamini mapema, wakatoa pesa yao, wakawaambia rafiki zao, "hebu jaribu hii." Aprili 2012 Lumia 900 ikaingia sokoni Marekani kwa matangazo makubwa. Juni mwaka huo huo, miezi miwili tu baadaye, Microsoft wakatangaza kwamba simu zote za Windows Phone 7 hazitapanda kwenda Windows Phone 8. Sababu ya kiufundi ilikuwepo, kiini cha mfumo kilibadilishwa chote kutoka Windows CE, ya vifaa vidogo, kwenda kile cha kompyuta. Ila aliyenunua mwezi wa tano, hiyo sababu inamsaidia nini? Kisha ikaja Windows 10 ya simu. Walikuwa wametaja nia ya kuwapandisha watu wote wa Windows Phone 8. Machi 2016 orodha ikatoka, na hii 520, iliyouzwa kuliko Windows Phone nyingine zote, haimo.

Yaani kila walipoanza ukurasa mpya, waliwaacha nje wale wale waliowaletea watu. Sokoni Majengo mama anayeuza nyanya anajua mteja wa kwanza wa asubuhi hapunjwi, maana ndiye atakayerudi na jirani yake. Kampuni yenye mabilioni ilipoteza hao, na ukishawapoteza hao huwezi kununua wengine kwa dola 100.

Afrika walituona, nisiwanyime haki. Februari 2013 walianzisha mpango wao wa 4Afrika na simu ya Huawei yenye Windows, ya takribani dola 150, wakaanza na nchi 7: Angola, Misri, Ivory Coast, Kenya, Moroko, Nigeria na Afrika Kusini. Tanzania hatukuwemo. Wakati huo Transsion, kampuni ya China iliyoanzishwa mwaka 2006, mwenye Tecno na itel, alikuwa anauza simu za laini mbili, betri za kudumu, na baadaye kamera inayoielewa ngozi nyeusi kwenye mwanga hafifu. Hakutengeneza mfumo endeshi. Alichukua Android ya bure, nguvu zake zote akaziweka kwenye kumjua mnunuzi.

Mwisho wake mnaujua. Aprili 2014 Microsoft wakakamilisha kununua kitengo cha simu cha Nokia, kwa zaidi ya dola bilioni 7. Mwezi Julai wakatangaza kupunguza wafanyakazi 18,000, karibu 12,500 kati yao wa upande wa Nokia. Julai 2015, chini ya mkuu mpya Satya Nadella, wakafuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyao kama hasara na kupunguza wengine hadi 7,800. Bill Gates mwenyewe mwaka 2019 alisema kuiacha nafasi ya Android iende kwingine ndilo kosa lake kubwa kuliko yote, akalikadiria kuwa na thamani ya dola bilioni 400.

Leo Microsoft wameingia kwenye simu yako kwa mlango mwingine. Mwanafunzi wa UDOM anafungua Word kwenye Infinix, anaingia Teams, na Microsoft hawajali simu kaitengeneza nani. Mimi naona hii ndiyo hesabu waliyotakiwa kuanza nayo.

Haya, kama unaikuta Lumia mitumbani, je, uinunue? Kwa matumizi ya kila siku, hapana. Angalieni, nagusa kigae cha WhatsApp. Haiingii, WhatsApp waliacha simu za Windows tarehe 31 Desemba 2019. Nagusa soko la programu. Hakuna kitu, la Windows Phone 8.1 lilifungwa Desemba hiyo hiyo. Laini inashika, napiga na kupokea vizuri. Menyu ya pesa ya *150*00# inafunguka bila shida, maana hiyo haihitaji programu yoyote. Hata ukiuziwa kwa bei ya betri, kwa ajili ya mzee anayepiga na kupokea tu, mpe kitochi badala yake. Kitochi kina tochi na chaji inakaa.

Hii ya kwangu siiuzi, inarudi kwa dada Jumamosi. Kuna kitu nataka kumwonyesha, na nyie mkione kwanza. Nachomeka waya wa spika za masikioni hapa juu, ndio antena yake. Nafungua redio. Mnasikia? TBC Taifa hiyo, safi kabisa, bila bando. Ngoja nisogeze maiki.