Nimelipeleka gari jeusi kwa fundi wa kubafu, Barabara ya Lamu, Malindi

Gari jeusi hapa Malindi halifichi kitu. Kivulini laonekana jipya, lakini litoe juani saa sita uone: boneti nzima ni viduara vyembamba vimelizunguka jua kama utando wa buibui. Mimi Toyota Mark X yangu huikodisha kwa harusi, na kwenye harusi kamera zote huelekea mlango atakaoshukia bibi harusi. Wapiga picha wakawa wananiomba niegeshe chini ya mwarobaini. Hapo nikaanza kuulizia fundi wa kubafu, yaani wa kusugua bodi kwa mashine na polishi mpaka mikwaruzo itoke.

Kwanza tuelewane kuhusu hivyo viduara. Si duara hata kidogo. Ni mikwaruzo midogo mno iliyokwenda kila upande juu ya klia, ile lakka isiyo na rangi inayofunika rangi yenyewe, na jua huiwasha tu ile iliyokaa mkao wa kulizunguka. Aghalabu chanzo chake ni uoshaji. Mchanga wa pwani hauishi, na vijana wengi wa kuosha magari wana ndoo moja na sponji moja, wanaanza rimu wanamalizia paa. Mchanga ukishanasa kwenye sponji, unapiga msasa bodi nzima na wewe umekaa pembeni unakunywa soda.

Kuna gereji nyingine, si ya mji huu, iliwahi kunipigia polishi gari likatoka linametameta. Zilipopita mvua kidogo mikwaruzo ikarudi yote. Haikuwa imeondoka, ilijazwa mafuta tu. Tena ile mashine yao nzito ya kuzunguka, yenye pedi ya sufi, iliacha mawimbi ambayo usiku chini ya taa za kituo cha mafuta yanaonekana wazi. Kwa hiyo kwa huyu wa Malindi nilikwenda na maswali.

Yuko kwenye banda la mabati ukitoka mjini kuelekea Mambrui, hana kibao. Nilipomuuliza bei akasema: "Ami, bei sikutajii sasa. Niache nilioshe kwanza, nilione uchi wake." Akaliosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, kisha akapitisha klei, donge laini la kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi, juu ya maji ya sabuni. Donge lile liliingia jeupe likatoka na vidoa vya hudhurungi: lami, chumvi iliyogandana, unga wa breki. Mkono uliokuwa ukikwama kwenye boneti ukawa unateleza.

Halafu akatoa kipimo cha unene wa rangi. Boneti ilisoma mikroni 112 (mikroni elfu moja ni milimita moja), paa zaidi kidogo. Mlango wa nyuma kushoto ukasoma 260. Yaani ulishapakwa upya, na aliyeniuzia aliniapia gari halijaguswa tangu litoke Japani. Kipimo hicho ndicho kilichonifanya nimwamini fundi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele, na kubafu ni kuikwangua hiyo klia kidogo mpaka sehemu ya juu ilingane na chini ya mkwaruzo. Ikishaondoka hairudi. Anayekubafia bila kujua amebakiwa na kiasi gani anachezea mali yako.

Alibandika tepu ya karatasi katikati ya boneti, mraba wa kama sentimita 50, na majaribio yote akayafanya humo. Hakukimbilia dawa kali. Alianza na pedi laini ya sponji na polishi ya kumalizia, Meguiar's M205, akapangusa kwa spiriti, akanipa tochi niangalie. Bado. Pedi ngumu kidogo, spiriti, tochi. Utando umepungua ila upo. Ndipo akachukua kampaundi, ile dawa kali yenyewe, na pedi ya maikrofaiba, akarudia juu yake M205, na safari hii ndani ya tepu kulikuwa na weusi mtupu na taa moja ya tochi, nje ya tepu utando ule ule. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Hiyo spiriti ndiyo ningependa kila mwenye gari aidai. Inaondoa mafuta yote ya polishi, ikabaki rangi peke yake. Kama mkwaruzo umejazwa tu, unajitokeza papo hapo. Fundi akikataa kupangusa spiriti mbele yako, usimlipe kwanza.

Mashine yake ni ile inayozunguka huku inatikisika, si ya kuzunguka tu. Haichomi rangi upesi, lakini ukiikandamiza pedi huacha kuzunguka ikabaki kutetemeka, na hapo hufanyi kazi. Kwa hiyo kwenye sahani ya pedi amechora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Mstari ukipotea kwa mwendo, pedi inazunguka, ukionekana, imesimama. Kijana anayemfundisha alikuwa akielemea mlango kwa bega zima, na fundi, bila kuacha alichokuwa akifanya, akamwambia: "Mstari umelala." Kijana akalegeza mkono. Wakaendelea hivyo, polepole, kwa urefu kisha kwa mapana, kila pito likifunika nusu ya lililotangulia, na pedi ikipigwa brashi kila kipande kikiisha. Kingo zote za milango zilikuwa zimefunikwa tepu kwa sababu huko rangi ni nyembamba.

Joto letu linamchelewesha. Anaanza mara baada ya alfajiri. Bodi ikishapata moto polishi hukauka na kuwa vumbi jeupe, basi anaacha mpaka alasiri. Gari lililala kwake, ujue hilo kabla hujaahidi harusi.

Kwenye buti nilikuwa na mchoro wa ufunguo, nikamwomba autoe. Akapitisha ukucha, ukanasa. "Ami, ukucha ukinasa mimi siendi. Nikiufuata huu nitaikuta rangi, na hapo utapaka buti zima." Akaulainisha kingo tu. Ukisogea karibu bado unauona, na nimeridhika nao kuliko buti lililotobolewa klia.

Kasoro zipo. Banda halina ukuta upande wa barabara, na alasiri moja upepo ulileta mchanga ikabidi aoshe upya upande mzima. Aliacha polishi nyeupe imekauka kwenye mipira ya madirisha na herufi za buti, nikaitoa mwenyewe kwa mswaki. Kwa kazi makini namna ile, hilo limeniudhi. Risiti hatoi. Nililipa Sh14,000 pamoja na waksi. Alinieleza pia habari za seramiki, ule utando mgumu unaopakwa juu ya klia kuilinda, na alisema kweli: gari huoshwa kwa urahisi zaidi, ila haizuii sponji chafu. Nikabaki na waksi.

Matokeo yake naridhika nayo kabisa. Mwarobaini siutafuti tena. Sasa gari linaoshwa nyumbani kwa ndoo mbili, kutoka paa kushuka, rimu na kitambaa chake pekee, na hukaushwa mara moja, maana maji ya visima vyetu yana chumvi na yakikaukia juani huacha madoa meupe.

Kama gari lako ni Probox ya kwenda Marafa kila siku, weka pesa yako kwenye matairi. Ukiamua kwenda, mwambie mapema bampa gani ulipaka upya. Kipimo chake hakisomi plastiki, na huko hukadiria kwa jicho.